Barua Pepe: Anayetunza Barua na Anayemiliki Anwani

Februari 2021, baba mmoja wa San Francisco alimpiga mwanawe mdogo picha za sehemu ya mwili iliyovimba, maana daktari alitaka kuziona kabla ya kuzungumza nao kwa video. Simu ikazipandisha picha hizo kwenye hifadhi ya Google yenyewe tu. Mfumo wa ukaguzi ukazihesabu kuwa picha za unyanyasaji wa mtoto, na siku chache baadaye akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa lililotendeka. Google haikuirudisha akaunti. Zikapotea barua za zaidi ya miaka kumi, picha za utoto wa mwanawe, majina na namba za watu wake, hata laini ya simu, kwa kuwa nayo ilikuwa ya kampuni hiyohiyo. Gazeti la New York Times lilipoiandika habari hii Agosti 2022, kampuni ilishikilia uamuzi wake.

Visa vya namna hii ni nadra. Watumiaji wa Gmail ni zaidi ya bilioni moja, na walio wengi hawatafungiwa kamwe. Hata hivyo kisa hiki kinagusa jambo ambalo mijadala ya kuchagua barua pepe hulipita mbio. Kwa kawaida swali huwa: Gmail, Outlook, Yahoo, au nilipie Proton? Na majibu hukimbilia faragha, nani anasoma barua na nani hasomi. Naona maswali ni mawili na yanapaswa kutenganishwa. La kwanza, nani anatunza barua zako? La pili, nani anamiliki anwani yenyewe, ile uliyoiandika benki, kwa mwajiri, shuleni kwa watoto na kwenye kila tovuti uliyojisajili? Ukisahau nenosiri popote pale, kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwenye anwani hiyo. Anayeishika ameshika funguo za vyumba vyako vyote.

Tuanze na watunzaji wakubwa, na tuwape haki yao. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiahidi gigabaiti 1 bure, Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4, na wapo waliodhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Kabla ya hapo mtu alikuwa akifuta barua za wapendwa wake ili mpya zipate pa kuingia. Leo ni gigabaiti 15, ingawa tangu Juni 2021 picha mpya nazo zinakula kwenye fungu hilohilo, na ndiyo sababu wengi hushtukia kikasha kimejaa wakati barua zenyewe hazina uzito wowote.

Faida yao kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haionekani kwa macho. Kuchuja barua taka na barua za kitapeli ni kazi inayotegemea wingi. Tapeli akituma ujumbe uleule kwa watu milioni mbili, mtunzaji mkubwa anauona mara elfu nyingi ndani ya dakika chache na kuuzuia kabla haujakufikia wewe. Mtunzaji mdogo hana macho mengi kiasi hicho. Wakubwa pia wana wataalamu wa usalama usiku na mchana, wanakubali uthibitishaji wa hatua mbili, hata ufunguo halisi wa kuchomeka kwenye kompyuta. Mtu asiye na muda wala hamu ya mambo haya hapati ulinzi wa kiwango hicho kwingine bila kulipa, na anayemcheka kwa kubaki Gmail hajafikiri vizuri.

Ila ukubwa haukuzuii kuibiwa. Mwaka 2013 wadukuzi waliingia Yahoo. Desemba 2016 kampuni ilitangaza kwamba akaunti bilioni 1 ziliguswa, kisha Oktoba 2017 ikakiri kwamba zilikuwa zote, bilioni 3. Ilichukua miaka minne kwa wenye akaunti kujua ukweli wote. Na neno bure nalo lina hesabu yake: hadi mwaka 2017 Google ilikuwa ikipitisha mashine kwenye maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya kumwonyesha msomaji. Juni mwaka huo ilitangaza kuacha. Mashine bado hupitia barua kwa ajili ya kuchuja taka na virusi na kupendekeza majibu, jambo ambalo wengi tunalikubali, lakini ni vyema kulikubali ukiwa unalijua.

Upande wa pili wapo wanaouza faragha. Proton ya Geneva ilianzishwa na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, na toleo lake la majaribio likafunguliwa kwa umma mwaka 2014. Tuta, iliyojulikana kama Tutanota hadi Novemba 2023, iko Hannover, Ujerumani. Hawa hutumia usimbaji fiche ambao barua hufungwa kwa ufunguo ambao hata mwenye seva hana. Mwizi akizoa kila kitu kilichomo kwenye seva zao, anaondoka na maandishi yasiyosomeka. Kwa mwandishi wa habari, mwanasheria, au mtu anayemkimbia mwenza mkatili, hiyo ni kinga halisi na ninawahimiza waichukue.

Tatizo ni jinsi kinga hiyo inavyozungumzwa, kana kwamba ukihamia huko barua zako zote zimekuwa siri. Barua ina ncha mbili. Ukimwandikia mtu wa Gmail kwa njia ya kawaida, nakala yake inakaa kwenye seva za Google bila kufungwa kwa ufunguo wako, na kwa kuwa wengi unaowaandikia wako kwa wakubwa, sehemu kubwa ya mazungumzo yako bado inapita mikononi mwao. Proton haifungi mstari wa mada ya barua kwa usimbaji huo, Tuta huufunga. Na sheria inawafika wote. Mwaka 2021, polisi wa Ufaransa walipitia mamlaka za Uswisi, na Proton ikaamriwa kurekodi anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, ya mwanaharakati wa mazingira na kuikabidhi. Yaliyomo ndani ya barua hayakutolewa, maana hayakuweza kusomeka, lakini mtu aliyedhani haonekani kabisa alionekana.

Kuna bei nyingine ya usimbaji huo ambayo inanisikitisha kila ninapoiona ikimkuta mtu. Kwa kuwa mtunzaji hana ufunguo, ukisahau nenosiri na hukuandaa njia ya kurejesha, hata ukifaulu kuingia tena, barua za zamani zinabaki zimefungwa. Mzee anayebadilisha simu na kusahau nenosiri kila mwaka hastahili kuwekewa mtego huo na kijana wake mwenye nia njema. Kwake faragha ya juu kabisa inaweza kuwa njia ya kupoteza barua za marehemu mkewe.

Kati ya pande hizo mbili wapo watunzaji wa kulipia wasiotumia usimbaji wa aina hiyo, kama Fastmail ya Australia, iliyoanza mwaka 1999. Unawalipa, hawana biashara ya matangazo, na barua zinafanya kazi na programu yoyote. Mimi nawaona ni chaguo la busara linalosahaulika, kwa sababu halina hadithi ya kusisimua.

Lakini udogo nao una hatari yake. Agosti 2013, Ladar Levison aliifunga Lavabit, huduma yake ya barua pepe aliyokuwa akiitumia Edward Snowden, mfichuzi wa siri za ujasusi wa Marekani, badala ya kuendelea kuiendesha baada ya serikali ya Marekani kudai funguo zake. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Hata hivyo watumiaji takriban 400,000 waliamka siku hiyo bila barua pepe. Februari 2024 kampuni ya programu ya Notion iliinunua Skiff, huduma changa iliyosifiwa sana kwa faragha, na watumiaji wakapewa miezi sita kuhama.

Hapo ndipo swali la pili linapodai jibu. Mtu wa Skiff aliyekuwa na anwani inayoishia kwa jina la Skiff alilazimika kuanza upya: kuwaandikia watu wote, kubadilisha anwani kwenye kila tovuti, na kuomba Mungu asisahau hata moja. Jirani yake aliyekuwa na kikoa chake mwenyewe, yaani jina la intaneti alilolisajili, alifungua akaunti kwa mtunzaji mwingine, akabadilisha rekodi za MX ambazo huelekeza dunia ipeleke barua wapi, na kwa siku moja au mbili kazi ikawa imekwisha. Hakuna aliyemwandikia aliyejua kwamba amehama. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na anwani inayoishia kwa jina la kampuni ni nguo ya kuazima. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu anwani yangu ya kwanza nilipewa na kampuni iliyoniunganishia intaneti, na nilipovunja mkataba nayo ikakatwa, pamoja na watu kadhaa ambao sikuwahi kuwapata tena.

Je, basi kila mtu asajili kikoa? Hapa nasita. Kikoa nacho hukimiliki milele. Unakikodi kwa mwaka, au hadi miaka kumi kwa mkupuo kwa majina ya kawaida kama yanayoishia kwa com. Kadi ya benki ikiisha muda na ukapuuza vikumbusho, jina linaachiwa. Kwa majina hayo ya kawaida kuna kipindi cha siku 30 cha kulikomboa hata baada ya kufutwa, kwa malipo ya ziada, lakini kipindi hicho kikipita, yeyote anaweza kulichukua. Atakayelichukua atapokea barua zako, vikiwamo viungo vya kubadilishia nenosiri. Kwa maneno mengine, Gmail ikikufungia unabaki nje. Kikoa kikikuponyoka, mgeni anaingia ndani. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi. Na wapo walioiandikisha akaunti ya msajili, yaani kampuni inayokodisha kikoa, kwa anwani iliyo kwenye kikoa hichohicho, hivyo siku kikoa kinapokwama, hata ujumbe wa kuwasaidia hauwafikii.

Kuendesha seva yako mwenyewe sitalizungumza sana. Ukikosea SPF, DKIM au DMARC, mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, barua zako zinaishia kwenye taka za wengine, na hata ukipatia zote, anwani ya IP isiyojulikana hutiliwa shaka. Kwa barua za nyumbani, hapana.

Hukumu yangu ni kwamba mtu anayeweza kulipa bili kwa wakati na kukumbuka mambo yake asajili kikoa, akilipie miaka kadhaa mbele, ailinde akaunti ya msajili kwa uthibitishaji wa hatua mbili, na aiandikishe kwa anwani nyingine kabisa. Akishafanya hivyo, uchaguzi wa mtunzaji unapoteza utisho wake. Aanze na yeyote anayemridhisha na ahame akikosewa. Asiyeweza, na hakuna aibu hapo, abaki kwa mkubwa mmoja, achapishe zile namba za dharura za kuingilia na kuziweka na hati zake muhimu, na mara moja kwa mwaka ashushe nakala ya barua zake zote. Google ina huduma ya Takeout kwa kazi hiyo, na faili la mbox inalotoa linasomeka na programu nyingi nyingine. Baba yule wa San Francisco angekuwa na nakala ya namna hiyo, angepoteza akaunti lakini si miaka yake.

Anayehama asiwe na haraka ya kufuta anwani ya zamani. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina ya akaunti zilizokaa bila kutumika kwa mwaka mmoja yatagawiwa watu wengine, na baadhi ya walioyapata walianza kupokea barua za kibinafsi za wenye majina wa awali. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Weka alama kwenye kalenda, ingia kila baada ya miezi michache, na elekeza barua zake zije kwenye anwani mpya. Kila inayofika kwa njia hiyo inakuonyesha mahali ulipokuwa umesahau kubadilisha.