Mimi Ndiye Niliyekuwa Mtandao

Kwa kuwa swahiba wangu ameshalisimulia jambo hili la usaili wake wa video katika makundi mawili ya WhatsApp, na kwa kuwa katika kundi la pili tayari nimepandishwa juu ya meza nikiwa nimejifunga taulo, naona nisipolieleza mwenyewe leo, kesho nitakuwa juu ya paa bila kitu mwilini. Naomba kumbukumbu zirekebishwe mapema: haikuwa meza bali stuli, na sikujifunga taulo bali nilivaa kaptura ya kulalia, ya heshima kabisa, pamoja na fulana ambayo, sina budi kukiri, ilikuwa na tundu kwapani. Tundu hilo mlikumbuke, kwa maana litarudi.

Ninyi mnaonifuata mnajua cheo nilichokuwa nimejipa katika mambo ya bando. Ni mimi niliyewaongoza kwenye mipangilio ya WhatsApp ili picha na video zisijipakue zenyewe. Ni mimi niliyewasihi mshushe ubora wa video kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, kwa sababu saa moja ya Netflix katika kiwango cha chini hula takriban GB 0.3, ilhali saa hiyohiyo katika HD inaweza kufika GB 3. Nilikuwa nikimaliza mwezi kwa kifurushi cha GB 5 na salio likabaki, na nilikuwa nikilitaja salio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hata mbele ya watu ambao hawakuuliza.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa maneno mafupi yaliyomo ndani ya kila simu: "Kupitia Wi-Fi pekee." Kuhifadhi nakala za picha mtandaoni, kupitia Wi-Fi pekee. Kusasisha programu, kupitia Wi-Fi pekee. Nakala ya mazungumzo ya WhatsApp pamoja na video zake zote, vivyo hivyo. Jambo ambalo mtaalamu huyu hakulitafakari ni kwamba hana Wi-Fi. Nyumbani sina, na kazini hairuhusiwi kwenye simu binafsi. Kwa hiyo kwa muda wa miezi tisa simu yangu haikuwa ikibana data hata kidogo, bali ilikuwa ikipanga foleni: picha zaidi ya 1,800, video sijui ngapi, programu 63 zenye masasisho, vyote vimesimama kwa adabu mmoja nyuma ya mwingine, vikisubiri siku ambayo mlango utafunguliwa.

Mlango niliufungua mwenyewe, tena usiku wa kuamkia usaili wa swahiba wangu.

Usaili huo ulikuwa wa video, saa nne asubuhi, mbele ya jopo la watu watatu. Swahiba anatumia ruta ndogo ya mfukoni yenye laini yake, na mwezi huo alikuwa amejinyima hata vichekesho ili GB 11 zibaki kwa ajili ya siku hiyo na shughuli za kutafuta kazi zitakazofuata. Nilikwenda kwake jioni kumfanyisha mazoezi ya maswali, usiku ukaingia, nikalala hukohuko. Kabla ya kulala nilikumbuka ujumbe ambao sikuwa nimeujibu. Ninasisitiza, kwa aibu inayonistahili, kwamba nilikuwa na GB 1.4 zangu mwenyewe. Lakini kwa nini niguse zangu? Nikamwambia, "Ndugu yangu, nipe nenosiri la Wi-Fi nijibu ujumbe mmoja tu." Naye, kwa ukarimu wake, akanisomea herufi moja moja hadi zikatimia kumi na sita. Nikajibu: "Sawa, tutaonana kesho." Maneno matatu. Kisha nikachomeka chaji, nikailaza simu kifudifudi, na mimi nikalala vilevile.

Wanaojua wameshaanza kushika vichwa. Simu iliyochomekwa chaji, isiyoguswa na mtu, iliyounganishwa na Wi-Fi, huhesabu kwamba saa yake imefika. Haiulizi kama Wi-Fi hiyo inatoka kwenye waya wa malipo ya mwezi usio na kikomo au kwenye laini ya mtu asiye na ajira, kwa sababu mbele ya ruta ya mfukoni simu huona Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine yoyote. Tena wengi tunadhani kinacholiwa ni kile tunachopakua tu, kumbe kupakia nako huhesabiwa, na picha moja ya simu za leo ina takriban MB 3 hivi, zidisheni wenyewe mara 1,800. Huku nikikoroma, simu yangu ilikuwa inahama nyumba kwa nauli ya mwenzangu.

Asubuhi, ikiwa imesalia robo saa, nilisikia sauti: "Mtandao umekufa."

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu kila usiku nikifumba macho napitishwa tena palepale. Sikustuka. Niliinuka kitandani kwa utulivu wa daktari bingwa, nikamwambia azime ruta na kuiwasha tena. Alipofanya hivyo na hali ikabaki ileile, niliona ni nafasi nzuri ya kutoa elimu. Nikaanza kumweleza kwamba watu wengi hawafuatilii vitu vinavyokula data kichinichini, kwamba tatizo la vijana wa siku hizi ni nidhamu, na kwamba ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha kila kifaa kilichounganishwa na kiasi kilichotumia. "Ufungue," nikamwambia, "tumjue mwizi."

Akaufungua. Kompyuta yake: MB 212. Simu yake: MB 96. Kifaa cha tatu kilikuwa na jina ambalo mwenye kifaa alikipa mwenyewe, siku za majivuno yake, ili watu wakitafuta vifaa vya karibu waone na wacheke. Jina hilo ni "Mbana Bando". Mbana Bando alikuwa ametumia GB 10.6.

Swahiba hakusema neno. Alisoma jina, akanitazama, akalisoma tena kwa sauti ya chini, silabi kwa silabi, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Nami nilichofanya, na hili hakulisimulia kwenye makundi kwa hiyo nawapa bure, ni kuokota simu yangu na kubadilisha jina la kifaa.

Zilikuwa zimebaki dakika tisa. Alijaribu kununua kifurushi kingine, ununuzi ukagoma mara tatu. Laini yangu haikuweza kuhamishiwa kwenye ruta kwa sababu ni eSIM, laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, nayo haichomoleki. Ikabaki njia moja, hotspoti kutoka kwenye simu yangu na zile GB 1.4 nilizokuwa nimezificha. Kikwazo ni kwamba chumba kile hakina mawimbi isipokuwa kwenye pembe ya juu ya dirisha, mahali ambapo ruta huning'inizwa kwenye msumari. Simu yangu haikuwa na pa kuning'inia. Likatafutwa stuli, nikapandishwa, nikaambiwa niinyooshe mikono pale juu na nisipumue sana. Kwa mujibu wa hesabu zetu, kamera ilimwonyesha yeye na ukuta, mimi nikiwa nje ya picha kwa upana wa kiganja.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri, isipokuwa simu ilianza kuchemka mkononi, jambo la kawaida kwa simu inayogawa mtandao, na mimi nikawa naibadilisha mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto. Kitu ambacho hatukukifanya, kwa haraka ile, ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa. Mpangilio huo upo, ni wa kubofya mara moja, nimeshawaandikia habari zake kwa herufi nene. Kompyuta nayo, ikiona Wi-Fi mpya, ilianza kuteremsha masasisho yake kwa furaha. Nikiwa juu ya stuli niliona salio likishuka kama ndoo iliyotoboka: GB 1.3, GB 1.2, GB 1.1.

Sasa niwaambie kuhusu king'ora. Kampuni yangu ya simu hutuma ujumbe bando linapofika asilimia 80 ya matumizi. Ili nijitie nidhamu, nilikuwa nimeupa ujumbe wa namba hiyo mlio wake wa pekee, nao ni king'ora cha gari la zimamoto, kwa sauti ya juu kabisa.

Mama mwenyekiti wa jopo alikuwa anauliza: "Tupe mfano wa namna ulivyowahi kusimamia rasilimali chache." Swahiba akavuta pumzi. Akafungua mdomo. King'ora kikalia.

Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa juu, sikuweza kukizima bila kuishusha simu. Nikaishusha, nami nikashuka kwenye stuli. Mawimbi yakakatika papo hapo. Kwenye skrini, wajumbe wote watatu wakaganda: mmoja akiwa amefumba jicho moja, mwingine akishika sikio, na mama mwenyekiti akiwa ameinua kalamu kama anayetaka kuchoma kitu. King'ora kiliendelea, kwa sababu vidole vilivyolowa jasho havitii kwenye kioo. Nilikitelezesha mara nne ndipo kikanyamaza. Swahiba aligeuka kunitazama, na katika kugeuka huko kiwiko chake kikaisukuma kompyuta, kiasi kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja. Akasema kwa midomo bila sauti: "Panda."

Nikapanda. Nikanyoosha mkono hadi kwenye pembe ya dirisha. Picha ikarudi. Wajumbe wakaanza kutikisika tena, na nikaona macho ya wote watatu yakihama kutoka kwa mwombaji wa kazi, yakapanda polepole, yakapita kaptura, yakapita fulana, yakatua mahali ambapo mkono ulioinuliwa hukutana na fulana. Naam. Tundu.

Kimya kilichofuata kilikula MB nyingi kuliko maneno yoyote.

Hatimaye mama mwenyekiti akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kufokewa: "Samahani. Huyo aliyenyoosha mkono hapo nyuma, ana swali?"

"Hapana, mama," swahiba akajibu. "Huyo ndiye mtandao."

Nilijiona nina wajibu wa kufanya jambo fulani. Mtu akitambulishwa husalimia. Kwa hiyo nikasema, nikiwa juu ya stuli, mkono angani, "Habari za asubuhi, wajumbe," na kwa kuwa kinywa kilikuwa kimeshafunguka nikaongeza: "Naomba tu aiambie kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa." Mjumbe wa kulia alijifunika uso kwa karatasi, na karatasi ile ikawa inatetemeka. Swahiba akaingia kwenye mipangilio mbele ya jopo zima, akabofya, nami nikatangaza bila kuombwa kwamba salio sasa limetulia. Ndipo yeye, ambaye ndiye mwenye akili kati yetu, akaugeukia uso wa mwenyekiti na kusema: "Kuhusu swali lako la rasilimali chache, mama, mfano wangu ndio huo mnaouona."

Dakika ishirini na tano zilizobaki sizikumbuki vizuri kwa sababu bega lilikufa ganzi. Usaili ulikwisha zikiwa zimebaki MB 430. Nilimnunulia swahiba GB 15, akazipokea bila kunisemesha hadi jioni. Nakala za picha nimezifuta katika ratiba, jina la kifaa sasa ni tarakimu tupu, na king'ora nimekiondoa. Katika kundi la kwanza jina langu limebadilishwa kuwa "Mnara", na kuna mtu, simtaji ila anajijua, huniuliza kila asubuhi kama leo kuna mawimbi.

Jana swahiba alinitumia barua pepe aliyopokea kutoka kwa jopo. Anaitwa kwenye usaili wa hatua ya pili, wa video pia, Jumanne ijayo. Chini kabisa, baada ya saa na maelekezo ya kuunganishwa, mama mwenyekiti ameongeza mstari mmoja: "Tafadhali hakikisha safari hii mtandao wako umepatiwa kiti."