Nyumba yenye uvungu

Hapa Mombasa tumezoea kuamini kuwa nyumba ya heshima sharti ikalie ardhi moja kwa moja: mtaro wa msingi uchimbwe, kifusi kijazwe na kushindiliwa, zege limwagwe, kisha vigae vifuate. Anayetaja sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo hujibiwa upesi kuwa huo ni ujenzi wa mabanda ya watalii ufukweni, au wa mtu aliyeishiwa na fedha. Mimi naona tunaupuuza msingi unaoyafaa mazingira yetu kuliko tunavyodhani, na sababu yangu kubwa si uzuri wa mbao, ingawa uzuri huo upo, bali ni ule uwazi unaobaki chini ya sakafu, yaani uvungu wa nyumba.

Ujenzi wenyewe hauna fumbo. Nguzo fupi za mawe au zege husimamishwa juu ya vitako vyake, juu yake hulazwa mihimili mikubwa, na juu ya mihimili hupangwa boriti zilizosimamishwa kwa ubavu, kwa kawaida zikiachana sentimita 40 hadi 60, ndipo mbao za sakafu zinapopigiliwa. Nchini Marekani, ambako nyumba za namna hii ni za kawaida katika majimbo ya Kusini kama Louisiana, kanuni za ujenzi hutaka boriti zisizotiwa dawa ziwe mbali na udongo kwa takribani sentimita 45 au zaidi, na baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 wengi wa New Orleans waliziinua nyumba zao juu zaidi. Kule Queensland, Australia, nyumba za kale za mbao zilisimamishwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake na mchwa waweze kuonekana.

Wala mbao chini ya nyayo si jambo geni kwetu. Katika nyumba za ghorofa za Mji wa Kale, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko zilizofunikwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vile, ambao ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi, uliamuliwa na urefu wa boriti hizo. Vizazi kwa vizazi watu wamelala, wamepika na kucheza ngoma za harusi juu ya mbao bila ya mtu kuona aibu. Ni sakafu ya chini tu ndiyo tuliyoamua kwamba lazima ishikamane na udongo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni mchwa, nalo ni la haki, kwa kuwa hakuna mtu wa pwani asiyewahi kuona fremu ya mlango iliyobaki ngozi ya rangi tu huku ndani imekwisha. Lakini fremu hiyo, mara nyingi, imo katika nyumba ya zege. Mchwa wa ardhini hupenya kwenye nyufa ndogo za slabu, yaani sakafu ya zege iliyolazwa juu ya ardhi, pembeni mwa mabomba na pale ukuta unapokutana na sakafu, wakapanda wakiwa wamejificha nyuma ya plasta, na mwenye nyumba hupata habari wakati kazi yao imekamilika. Kwenye nyumba yenye uvungu ni shida zaidi kwao kujificha. Juu ya kila nguzo huwekwa kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini, na mchwa anayeitaka mbao hana budi kujenga njia yake ya udongo kulizunguka bati hilo, mahali pa wazi, ambapo mtu mwenye tochi ataiona na kuibomoa. Bati halimzuii mchwa kabisa, na fundi anayeahidi hivyo asisikilizwe. Kazi yake ni kumfichua. Wapo pia mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji kugusa udongo kamwe, na kinga dhidi yao ni kuchagua mbao ngumu kama mbambakofi au mvule, kwa mwenye uwezo, au mkaratusi uliotiwa dawa kwa shinikizo kama nguzo za umeme zinavyotiwa. Sisemi turudi kuikata mikoko. Imekatwa vya kutosha.

Faida ya pili inahusu maji na miteremko. Katika viwanja vya Mikindani na Changamwe, ambako ardhi ni ya mfinyanzi na inashuka, mjenzi wa slabu hulazimika kuchimba upande mmoja, kujaza upande wa pili, na kujenga ukuta wa kuzuia kifusi, gharama ambazo hulipwa kabla nyumba haijaonekana. Nguzo hufuata mteremko: ya juu huwa fupi, ya chini huwa ndefu, na maji ya mvua hupita yakaenda zake. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliingia katika nyumba nyingi za mji huu, na nusu mita ya kimo ingezisaidia baadhi yake, si zote.

Tena kuna mabomba. Bomba likivuja chini ya slabu, nyundo huvunja vigae ambavyo huenda dukani havipatikani tena; likivuja uvunguni, fundi huingia na spana. Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakizungumzia mabomba, lakini wangeelewa.

Kasoro zipo. Kigae ni baridi zaidi mguuni saa nane mchana, sakafu ya mbao hupiga kelele watoto wanapokimbia, na hewa yetu ya chumvi huila misumari isiyopakwa zinki. Kwa jengo la ghorofa nyingi kule Tudor au Kizingo nisingelipendekeza hata kidogo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tabia yetu ya kutoacha nafasi tupu. Uvungu utageuzwa stoo ya mbao chakavu na magunia ya makaa, au utazibwa kwa matofali ili kuku wasiingie, na hapo upepo wa kusi na wa kaskazi utakosa pa kupita, unyevu wa mbao utapanda kupita asilimia 20, na kuvu wataanza kuzila. Anayetaka kuuzuia wizi au kuku aweke wavu wa chuma au ua wa fito zilizoachana, ardhi ya chini aielekeze nje ili maji yasituame, na aache mlango ambao mtu mzima anaweza kuingia kwa kutambaa.