Mlio wa Kalenga

Mama muuza ulanzi, pombe ya mianzi, alinionya, sitaki kumsingizia. "Usikaze kifuniko, baba. Huu bado unachemka." Nikamwitikia vizuri tu, nilipompa kisogo nikakikaza kwa leso mpaka kidole gumba kikauma. Begini mlikuwa na shati jeupe la kuvaa jioni ukweni, nisingekubali liloe. Na mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikiona tembo la mnazi likitoa povu, kwa hiyo hata sina la kujitetea.

Safari ilikuwa ya Kalenga, mimi na shemeji, Mhehe ambaye ukimpa dakika tano anakupigania upya vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe walipowapiga Wajerumani, kwa mikono mitupu. Kijiji kiko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Kwenye Hiace nikapata kiti cha mbele, begi nikalilaza katikati, juu ya injini. Wanaozijua Hiace wanajua pale pana joto la kuivisha mayai.

Kalenga usipoambiwa unaweza kuipita. Mahindi, nyumba za tofali za kuchoma, mbuzi. Ngome ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, iliyovamiwa na Wajerumani Oktoba 1894 imebaki kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Makumbusho yenyewe ni kajengo kadogo, na ndani, kwenye kioo, ndimo lilimo fuvu lake.

Tuliingia pamoja na Wazungu wawili, mume na mke, na kundi la watoto wa shule. Mzee aliyetutembeza alikuwa fundi wa kusimulia. Akashusha sauti. Julai 1898, Mlambalasi, Mtwa amewindwa miaka, amechoka, hataki kushikwa mzima. "Akachukua bunduki yake..." Mzee akanyamaza makusudi. Watoto wakaacha hata kukohoa.

Paaa!

Zipu niliiacha wazi nilipotoa simu. Kifuniko kiligonga dari, ulanzi ukafuata, povu likatua kwenye miwani ya mwalimu. Watoto walimiminika mlangoni kama siafu waliomwagiwa majivu. Wazungu walikuwa sakafuni, mikono kichwani. Mzee peke yake alibaki wima, kashika kifua, analitazama fuvu kana kwamba limemjibu.

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Ni ulanzi, mzee. Samahani."

Akanusa hewa. Akanusa tena. "Mkangafu huu," akasema taratibu, yaani ulanzi uliokolea. "Basi, Mtwa kapata tambiko lake. Ndoo na tambara viko nyuma ya mlango."

Nikapiga deki huku historia ikiendelea juu ya kichwa changu: fuvu lilivyopelekwa Ujerumani, lilivyorudishwa 1954 na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika. Hapo yule mume, akijipangusa magoti, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba wao nyumbani kwao ni Ujerumani.

Shemeji hakucheka. Nilishangaa, maana yule hucheka hata msibani. Kumbe alikuwa anaweka akiba. Alisubiri tufike ukweni, wazee wote wamekaa, mimi nimevaa shati lenye ramani ya Afrika ya ulanzi kifuani.

"Wazee," akasema, akasimama kabisa. "Leo Kalenga Wajerumani wamelala chini. Na aliyefyatua ni huyu mkwe wenu wa Tanga."