Tangi la Choo Halitaki Marashi, Lataka Maji

Kaskazi inapokaribia kukatika, mwezi wa Machi, joto la mchana hapa Malindi hupita nyuzi 30, na gari la kambi, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, likiegeshwa juani hugeuka tanuri. Tangi la choo lililofungwa chini yake nalo hupata moto huohuo. Joto likizidi kwa nyuzi 10, kazi ya bakteria hukaribia kuwa maradufu, kwa hiyo uchafu ambao katika nchi ya baridi ungekaa wiki nzima bila kuudhi mtu, huku huanza kuvunda siku ya tatu. Hapo ndipo wenye magari hukimbilia dukani kutafuta dawa kali, au hufukiza udi ndani ya gari. Nasema wazi: wanatibu pua, tangi wanaliacha na ugonjwa wake. Magari mengi hunuka kwa sababu tangi lina maji haba na bomba la hewa limeziba, na hakuna chupa ya dawa inayotibu kasoro hizo mbili.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayobaniwa zaidi. Msafiri anayeelekea Tsavo Mashariki au Marafa huhesabu kila lita, na cha kwanza kupunguzwa huwa maji ya choo. Hilo ni kosa. Kinyesi kilichofunikwa na maji hulowa, hulainika, kikatoka chote siku ya kumwaga. Kilichotua pakavu hujishika sakafuni mwa tangi na kupanda kama kichuguu chini ya tundu la choo. Ukimwaga, maji huondoka na kichuguu hubaki, kikaendelea kuvunda siku hadi siku. Kwa sababu hiyohiyo, koki ya tangi la choo isiachwe wazi hata kama gari limeunganishwa na shimo kambini. Ikiwa wazi, mkojo na maji hutiririka, vigumu hubaki.

Kipimo ninachokishikilia ni hiki. Tangi la lita 80 au 100 likishamwagwa, litiwe lita 15 za maji safi kabla ya mtu yeyote kulitumia. Kwa haja kubwa jaza bakuli la choo kwanza, lita 2 au 3, ndipo ukae. Kwa haja ndogo nusu lita yatosha. Tangi dogo la kuchomoa, lile la lita 17 hadi 20, lianze na lita 2 na limwagwe kila siku au kila baada ya siku mbili. Tangi kubwa limwagwe likifika thuluthi mbili. Na wakati wa kaskazi lisipitishe siku nne hata kama halijafika hapo. Siku ya nne ikifika nalo lina nusu tu, liongezee maji mpaka thuluthi mbili kabla ya kufungua koki, kwa kuwa ni uzito wa maji unaosukuma vigumu nje.

Na maji yenyewe yana tofauti. Ya bomba, yanayotoka Baricho kando ya mto Sabaki, hayana shida. Ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji ya bahari yana salfeti nyingi, na bakteria wasiohitaji hewa huigeuza salfeti hiyo kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yaani ule uvundo wa mayai viza. Ukisafishia choo kwa maji ya bahari, unawapa bakteria malighafi. Ndiyo maana mashua za kitalii za Lamu zenye choo cha pampu hunuka asubuhi ya kwanza baada ya kukaa siku mbili tatu bila kutumiwa, hata kama tangi ni tupu: maji ya bahari yamelala ndani ya mabomba, viumbe vidogo vilivyomo vimekufa na kuoza. Dawa yake ni kupiga pampu lita 2 au 3 za maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuiacha mashua. Kwenye mashua pia chunguza mpira unaopeleka uchafu tangini, kwa kuwa mipira laini hufika umri ikaanza kupitisha harufu bila hata tone kuvuja. Chukua kitambaa safi, kilowe maji ya moto, uzungushe kwenye mpira, kikipoa ukinuse mbali na pale. Kikinuka, mpira umekwisha. Kuupaka gundi ni kupoteza pesa.

Maji ya chumvi na maji magumu ya visima vya matumbawe yana kisirani kingine. Yakikutana na mkojo hujenga ukoga mgumu ndani ya mabomba, na ukoga hushika uchafu. Siki nyeupe huuyeyusha polepole: mimina lita moja chooni jioni, iache mpaka asubuhi, kisha pitisha maji mengi.

Sasa hewa. Tangi la choo huwa na bomba jembamba, takriban inchi moja na nusu, linalopanda hadi juu ya paa la gari. Gesi zote zapaswa kutokea huko. Bomba hilo likiziba, gesi hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni bakuli la choo. Mwenye gari huambiwa anunue dawa, kumbe nyigu wamejenga kiota juu ya paa. Panda uangalie. Toa kofia ya bomba, mulika tochi ndani, mimina maji ya mpira kwa nguvu ndogo: yakirudi juu, kuna kizuizi. Kuna ugonjwa mwingine usioonekana kirahisi: bomba huchomoka kwenye raba yake kwa mtikisiko wa matuta na barabara mbovu, likazama ndani ya tangi. Maji yakipanda na kufunika ncha yake, hewa imekatika. Dalili ni kwamba tangi likiwa tupu hakuna harufu, likifika nusu uvundo unaanza ghafla. Fundi wa mabomba hulivuta juu mpaka ncha yake iwe sawa na dari ya tangi, kisha hulifunga kwa kibanio. Ni kazi ya saa moja.

Feni ya dari ya bafuni nayo hutumiwa bila kuelewa. Ikiwa inazunguka huku madirisha yamefungwa, huvuta hewa popote inapoipata. Ukifungua choo wakati huo, inavuta hewa ya tangi moja kwa moja hadi usoni pako. Zima feni, safisha choo, funga, ndipo uiwashe.

Angalia pia maji ya bakuli. Usiku weka maji vidole viwili ndani yake. Asubuhi yakiwa yameondoka, raba ya kile kifuniko cha tundu la bakuli haifungi sawasawa. Mara nyingi ni karatasi au ukoga uliokaa ukingoni: safisha kwa mswaki laini na siki, kisha paka grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Yametokana na petroli, huvimbisha raba na kuiharibu kabisa.

Mpaka hapa nimesema choo, lakini nikiitwa kunusa gari Malindi, ningeanza na tangi la maji ya sabuni, lile linalopokea maji ya jikoni na ya kuogea. Watu hulidharau kwa kuwa halina kinyesi. Fikiria kinachoingia humo baada ya chakula cha mchana: tui, mafuta ya samaki, punje za wali, machicha yaliyoponyoka kwenye kifumbu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mchana hupita kwenye bomba kama maji, na usiku wa Julai, kusi ikivuma, huganda kwenye kuta za tangi. Shombo ya samaki hushikwa humo, na hakuna tangi la choo linalonuka kama hilo. Pangusa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, weka kichungi cha wavu kwenye tundu la sinki, na kila wiki mbili mimina ndoo ya maji ya moto yasiyochemka yaliyokorogwa na kikombe kimoja cha magadi na sabuni ya vyombo. Kisha endesha gari, mtikisiko usugue kuta, halafu umwage.

Harufu ikitokea sinki au bafuni wakati gari linatembea, tazama ule mkunjo wa bomba chini ya sinki. Maji yaliyomo ndiyo kizuizi cha gesi, na yakikauka au yakimwagika njiani mlango uko wazi. Glasi moja ya maji hurudisha kizuizi. Gari likikaa wiki bila kutumiwa, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji hayo, yasikauke upesi. Ikiwa bado kunanuka, kuna kijivalvu cha hewa chini ya sinki chenye raba ndani. Raba ikinata hewa ya tangi huingia jikoni. Hufunguliwa kwa mkono, na kipya si ghali.

Nirudi kwenye dawa, kwa sababu hapa sikubaliani na wauzaji wengi. Dawa za vimeng'enya, yaani zinazosaidia kusaga uchafu, na zile zenye naitreti naziunga mkono, kwa vipimo vya chupa yake: naitreti huwapa bakteria chakula mbadala cha salfeti, gesi ya mayai viza ikapungua. Dawa zenye fomalini huua bakteria wote, na hilo ndilo tatizo. Tangi lako litamwagwa kwenye shimo la kambi au la hoteli, na shimo hilo huishi kwa bakteria haohao. Wakifa, uchafu hausagiki, shimo hujaa mapema, na maji yake machafu huzama kwenye mchanga na matumbawe ambamo watu wamechimba visima. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ni mbaya zaidi. Ikikutana na mkojo hutoa mvuke wenye sumu, ikikutana na siki hutoa klorini, na hula raba za choo. Isiingie tangini.

Siku ya kumwaga, vaa glovu, unganisha mpira, fungua koki ya choo kwanza. Ikikoma kutoka, ifunge, jaza maji nusu tangi, umwage tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Ndipo ufungue koki ya maji ya sabuni, yasafishe mpira kwa sabuni yake. Usiinamie shimo lililofunguliwa kunusa kama lina nafasi: ile gesi ya mayai viza ikizidi, pua huacha kuisikia kabla mwili haujaanguka.

Na usimwage kwenye mikoko wala ufukweni. Bahari iliyo mbele ya Malindi imekuwa hifadhi tangu 1968. Lakini sitamlaumu msafiri peke yake. Kambi zinazopokea magari haya hapa pwani zinapaswa kuwa na mahali pa kumwagia: sakafu ya zege iliyoinamia katikati, bomba la inchi 4 lenye mfuniko mzito linaloelekea shimo la septiki, na mfereji wa kuoshea uliotiwa alama kuwa si wa kunywa. Mwashi na fundi bomba huimaliza kwa siku chache. Mwenye kambi akiijenga, aiandike kwenye kibao cha langoni, na bei yake.