Msamaha wa ushuru kwa nyumba ya kwanza: nani hasa ananufaika?

Mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza England kwa pauni 300,000 halipi ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali anayotozwa mnunuzi wa nyumba, hata senti moja. Mwenzake aliyeuza nyumba ya zamani na kuhamia katika nyumba ya bei hiyo hiyo anatoa pauni 5,000. Ndivyo ulivyo msamaha ulioanza Novemba 2017.

Wanaoutetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyokiri. Ushuru huu hudaiwa ndani ya siku 14 baada ya mauziano kukamilika. Benki inakopesha kwa thamani ya nyumba; ushuru unautoa mfukoni, kwenye akiba ile ile uliyodunduliza kwa ajili ya malipo ya awali huku kodi ya pango ikikudai kila mwezi. Kwa mpangaji wa mshahara wa kawaida, pauni 5,000 ni kujibana kwa muda mrefu sana. Siwezi kuziita fedha ndogo.

Tatizo ni kwamba hazikai mkononi mwake. Nyumba ni chache, wanaozitaka ni wengi, na wote wameongezewa uwezo kwa siku moja: muuzaji hupandisha bei. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, taasisi huru inayopima hesabu za serikali ya Uingereza, ililisema hilo mwezi ule ule wa Novemba 2017. Ilikadiria bei zingepanda kwa asilimia 0.3 hivi, wanunuzi wapya wangeongezeka 3,500 tu, na wafaidi wakubwa wangekuwa wale ambao tayari wana nyumba. Yaani fedha za umma zinapita kwa mpangaji na kuishia kwa mwenye mali.

Masharti nayo yanauma. Nyumba ikizidi pauni 500,000 hata kwa pauni moja, msamaha wote unafutika. Na aliyerithi sehemu ya nyumba ya wazazi, iwe nchi yoyote duniani, hahesabiwi tena kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Fikiria ndugu wanne waliorithi nyumba moja huko walikozaliwa: hakuna anayeweza kuihamia, lakini kila mmoja amepoteza haki yake. Hata akinunua pamoja na mwenzi ambaye hajawahi kumiliki chochote, wote wawili wanakosa. Hapa sioni haki yoyote.

Canberra, Australia, walichukua njia nyingine. Tangu 2012 wanaupunguza ushuru wa kununua hatua kwa hatua, katika mpango wa miaka 20, na kuuziba pengo kwa kodi ya ardhi ya kila mwaka. Njia hiyo inawabana wazee wenye nyumba lakini wasio na kipato, na wanastahili kuruhusiwa kuahirisha malipo hadi nyumba itakapouzwa. Hata hivyo naiona bora, kwa sababu haimwulizi mtu kama ni mara yake ya kwanza. England ikitaka kubaki na msamaha wake, ianze kwa kuwarudishia haki hao ndugu wanne.