Tai nyeusi ilivyonifanya weita Scarborough

Basi bwana, hii ilinikuta nikiwa naishi Leeds kule Uingereza, nasoma na wikiendi nabeba maboksi kama wenzangu. Rotary, ile jumuiya ya klabu za watu wa kujitolea, nimeanza nayo Dar, kwa hiyo klabu ya kule wakanipokea fresh, wengi wazee waliostaafu, kazi yao kunitoza faini nikichelewa. Yule wa faini wanamwita sajenti, Dar pia yupo, huyo nadhani hakwepeki popote duniani.

Ikafika konferensi ya distrikti, yaani klabu zote za eneo lile, wakasema iko Scarborough, mji wa pwani. Mimi kusikia pwani nikafungasha kandambili. Tuyaache hayo. Mchana wote hotuba, polio ambayo Rotary wanahangaika nayo tangu 1985, visima, polio tena, sina tatizo nazo, tatizo langu ni dina ya Jumamosi.

Kadi imeandikwa black tie. Sasa mtu umesoma Kiingereza toka shule ya msingi mpaka chuo, black ni nyeusi, tai ni tai, hapo unauliza nini? Nikaingia duka la mitumba nikapata tai nyeusi pauni 2. Koti ninalo, la kahawia, nilishonewa na fundi Kariakoo kwa harusi ya binamu yangu, suruali yake ilishagoma kiunoni kwa hiyo nikavaa nyingine nyeusi.

Saa moja usiku nafika mlangoni, wanaume wote weusi tii, nasemea makoti, na vitai vya kipepeo shingoni. Mimi peke yangu kahawia kama muhogo wa kuchoma. Kumbe black tie ni sare nzima na hakuna aliyeniambia, wao wanajua tangu kuzaliwa! Nikaona aibu, nikavua koti nikamwachia dada anayetunza makoti. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana pini yangu ya gurudumu la Rotary ilikuwa kwenye koti, na bendera ndogo ya klabu ya Dar niliyotakiwa kumkabidhi gavana, yaani mkuu wa distrikti, ipo mfuko wa ndani. Nikabaki shati jeupe, suruali nyeusi, tai nyeusi.

Sikufika hatua kumi. Bibi mmoja nywele nyeupe kama pamba, shingoni lulu, kaninyooshea glasi tupu. Mimi nimelelewa Tanga, mtu mzima akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na kigoti unakunja, nikapokea. Akasema asante mpenzi (Yorkshire kila mtu ni mpenzi, mwezi wa kwanza nilidhani nimependwa). Jirani yake kuona vile akaongeza ya kwake, wa tatu akanibebesha sahani ya kamba walioliwa imebaki mikia, kila nikigeuka naongezewa, nikamfuata weita mmoja nimweleze, yeye akasukuma mlango wa jikoni kwa mguu akaniachia nipite, mimi huyo ndani.

Msimamizi hata usoni hakuniangalia, akasema meza ya 14, akanisukumia sahani za moto. Nikazishika mikono mitupu.

"Mamaaa weee!"

Kwenye sinki mama mmoja akageuka, povu mpaka kwenye viwiko. "We mutoto, uko mutu wa wapi?" Mkongo wa Bukavu! Nikamwambia mama, mimi ni mgeni mwalikwa, nimekaa meza ya 9 na rais wa klabu. Akanipima toka tai mpaka viatu, akacheka hadi akashikilia sinki, halafu akanipa kitambaa cha kushikia na kuniambia nipeleke kwanza nyama ya watu isije ikapoa. Nabishana vipi na mama? Nikapeleka.

Nimegawa sahani ya nne, kondoo na viazi, spika ikaita jina langu, au tuseme kitu kinachofanana na jina langu. Watu wakaanza kupiga makofi, nikapanda jukwaani mbio mbio. Gavana kanipa bendera yake, kamera tayari, na mimi kwa kiwewe nikamkabidhi nilichokuwa nacho mkononi. Akakipokea kwa heshima zote, akakikunjua mbele ya ukumbi, akawa anatafuta maandishi. Kitambaa cheupe, mstari wa bluu, na doa la mchuzi katikati kubwa kama ziwa Victoria.

Meza ya 9 walikuwa wamelala juu ya sahani kwa kucheka, sajenti keshasimama ananidai pauni 5 za kuja bila sare. Nashuka ngazi, yule bibi wa lulu akanishika mkono, akanipongeza kwa yote ninayofanya Afrika, mpenzi, na kahawa yake isiwe na maziwa.

Nikaenda kuichukua.