Betri mlangoni, watu ndani

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba wetu, hapa Njoro mjini Moshi, alipita mlango kwa mlango saa za jioni akatoa amri moja: hakuna tena kuchaji betri ya pikipiki ndani ya chumba. Simu sawa. Pawabenki sawa, kama mtu yuko macho. Ya pikipiki, marufuku. Tuko vyumba tisa kwenye uwanja mmoja na watatu kati yetu wanaendesha bodaboda za umeme. Kufika asubuhi, pale bombani hukumu ilikuwa imeshatoka: mama anaonea uchungu umeme wake, mama hapendi vijana wainuke, mama ni mtu wa zamani.

Mimi nakaa chumba cha mwisho, upande wa choo, na siendeshi boda. Nimewasikiliza wote, na kadiri siku zinavyokwenda naona mama ameeleweka vibaya.

Nianze na vijana, maana hoja yao ina uzito. Betri ndiyo mali yenyewe. Pikipiki ya umeme bila betri ni chuma kilichoegeshwa, na aliye kwenye mkataba lazima apeleke hesabu kwa tajiri, betri iwepo isiwepo. Ikiibwa usiku, deni halilali. Ndiyo maana wanalala nayo chumbani kama mtu anavyolala na mtoto. Mmoja wao, kijana mpole kabisa, alimwambia mama mbele yetu sote: "Shikamoo mama. Naomba tu unielewe. Mtungi wa gesi umeturuhusu, na tunalala nao humohumo. Betri ina kosa gani?"

"Marahaba mwanangu," mama akajibu. "Gesi nikifunga, imefunga. Hiyo nikichomoa, imefunga?"

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile limebeba karibu kila kitu. Gesi ikivuja inanuka, na harufu ile imewekwa makusudi ili ikuamshe. Inasubiri njiti au cheche. Ukiwahi valvu, umeokoka. Betri ya lithiamu iliyoanza kuchemka yenyewe haina valvu ya kuwahi. Ndani ya kila seli pande mbili zimetenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, ambao kwa aina nyingi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 130, na kimiminika kilichomo humo kinawaka. Utando ukiachia, pande zinagusana, joto linazaa joto, seli moja inaiwasha jirani yake. Kuchomoa chaja wakati huo ni sawa na kufunga bomba wakati maji yameshajaa ndani. Na moshi wake ni sumu, una kaboni monoksaidi na hidrojeni floridi, na unaweza kujaza chumba kabla mwenye kulala hajajua kama anaota au yuko macho.

Ni kweli pia kwamba betri nyingi mno haziungui. Aina hii ya betri ilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na leo karibu kila mtu mjini hapa anachaji simu kitandani na anaamka salama. Betri nzuri ina sakiti ya ulinzi inayokata umeme seli zikijaa au zikipata joto. Zile za lithiamu yenye chuma na fosfeti huvumilia joto kuliko wenzake. Kijana aliyenunua betri nzuri na chaja yake halisi ana haki ya kuuliza kwa nini aadhibiwe kwa makosa ya mwingine.

Tatizo ni kwamba kwa kuangalia tu huwezi kumjua huyo mwingine. Chukua betri iliyoandikwa volti 72. Ya aina moja ina seli 20, kila seli inajaa kwenye volti 4.2, kwa hiyo chaja yake inaishia volti 84. Ya lithiamu yenye chuma ina seli 24 zinazojaa kwenye volti 3.65 kila moja, chaja yake inaishia 87.6. Zote mbili dukani zinaitwa "chaja ya 72", na mara nyingine hata kichwa cha waya ni kilekile. Chomeka hiyo ya 87.6 kwenye betri ya seli 20 na kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38. Hapo kinachokulinda ni ile sakiti peke yake. Sasa fikiria betri iliyowahi kufunguliwa na fundi wa mtaani, akabadilisha seli tatu zilizokufa kwa seli za laptopu, na sakiti "inayosumbua kukata" akairuka kwa kipande cha waya. Ukiiona kwa nje, ni betri ileile.

Na kwa mji wetu kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa. Moshi imejaa wapagazi na waongoza watalii. Wanapanda Mlima Kilimanjaro na pawabenki, na kule juu, kambi za Barafu au Kibo, asubuhi kukiwa na baridi ya kugandisha maji, mtu anazichomeka kwenye sola ili mgeni apate picha za kileleni. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inaganda kama metali juu ya upande mmoja wa seli badala ya kuingia ndani yake. Haivimbi, haitoi harufu, inashuka mlimani ikiwa na jeraha lisiloonekana, kisha inachajiwa juu ya godoro huku Njoro. Pawabenki hiyo ni ndogo. Betri ya boda ya volti 72 na ampea-saa 40 imebeba nguvu karibu mara 39 ya pawabenki ya kawaida ya miliampea-saa elfu ishirini.

Lakini kinachonifanya nisimame na mama ni hesabu za New York, na nimezirudia mara nyingi kichwani. Kule wasambazaji wa chakula wanatumia baiskeli za umeme na wanaishi kwenye vyumba vilivyobanana, kama sisi. Mwaka 2023 zimamoto wao walihesabu matukio 268 ya moto wa betri hizi na watu 18 wakafa. Mwaka uliofuata waliokufa walikuwa 6. Mtu angetarajia kwamba betri zilikuwa zimeanza kuwa salama na matukio yakashuka. Hayakushuka. Kilichobadilika ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya moto ule ilitokea nje ya majengo. Walikaza sheria za ubora, walielimisha watu, na yote hayo yana mchango wake. Hata hivyo naendelea kuitazama tofauti ile ya 18 na 6 huku matukio yakibaki palepale: betri ziliendelea kuwaka, ila watu walikuwa mbali nazo kidogo.

Sasa ingia chumba chochote cha kupanga hapa kwetu utazame soketi ilipo. Ni moja, iko chini ya swichi ya taa, na swichi iko pembeni mwa mlango. Chumba cha yule kijana nimeingia: betri inakaa sakafuni, hatua moja kutoka kizingiti, chaja juu yake, waya umepita mbele ya ndala. Kitanda kiko ukuta wa ndani. Dirisha lina nondo kwa sababu ya wezi. Kila tangazo la usalama linasema ukiona betri inafuka toka haraka, funga mlango nyuma yako, piga 114 ya zimamoto. Atatokea wapi? Mkoa huu ulizika wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Rombo, waliokutwa na moto bwenini mwaka 1994. Mama mwenye nyumba ni wa Rombo. Hakulitaja hilo, na mimi sikumuuliza.

Hilo la uchoyo wa umeme nalo linapimika. Betri niliyoitaja inameza karibu uniti 2.9 kwa chaji moja. Chaji siku 26, ni kama uniti 75, yaani kikomo chote cha daraja la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti. Kwetu vyumba vitatu vinatumia mita moja ya LUKU. Betri moja inawatoa wapangaji wote watatu kwenye daraja hilo. Mama angekuwa na sababu ya kulalamika, lakini siku ile alipopita milangoni hakutaja umeme hata mara moja.

Alipokosea ni kukataza bila kuonyesha pa kwenda. Wiki moja baada ya amri nilitoka usiku kwenda chooni, nikaona kanga imekunjwa na kubanwa chini ya mlango wa chumba cha nne. Pembeni palikuwa na upenyo mdogo, na ndani yake taa nyekundu ya chaja. Betri sasa ilikuwa uvunguni, imefunikwa na nguo isionekane, haina pa kutolea joto. Ilikuwa hatari kuliko ilivyokuwa pale mlangoni, na amri ndiyo iliyoisukuma huko. Sikwenda kumshtaki. Nilimgongea asubuhi, tukaongea, yeye mwenyewe akakubali twende kwa mama.

Kilichotoka huko ni mpango wa kibanda uani: tofali, sakafu ya zege, paa la bati, mlango wa nondo wenye kufuli mbili, soketi tatu zenye waya wake na kikata umeme chake kutoka kwenye mita, si waya wa eksitensheni uliopitishwa dirishani. Betri iliyotoka kazini inapoa nusu saa kwanza. Iliyovimba au kuanguka haiingii. Mama anataka kuchaji kuishe saa nne usiku, na hapo mimi niko na vijana. Chaja ya ampea 10 inahitaji saa nne kuijaza betri ya ampea-saa 40, na jioni ndiyo saa ya abiria. Ikiwa tumeitoa nje na kuizungushia tofali, iachwe ichaji usiku, maana tumeitoa nje kwa sababu hiyohiyo.

Bado hatujakubaliana nani atalipa mita ndogo, na vijana wanataka kila mmoja awe na ufunguo wa kufuli zote mbili. Fundi amechora alama ya msingi kwa chokaa. Nimepima kwa miguu: kutoka kwenye chokaa hadi dirisha langu ni hatua nne. Jana nimemwomba mama kisogezwe hadi ukuta wa nyuma, kwenye mgomba, ambako ni hatua kumi na moja. Amesema atamwita fundi Jumamosi.